Blogu Yangu Ukutani, Soko la Samaki

Nilianza kuandika blogu nikiwa mfanyakazi wa steshenari moja hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, nachapa barua za watu na kutoa fotokopi. Habari za teknolojia nilizokuwa nasoma zilikuwa za Dar es Salaam tupu, na nyingi kwa Kiingereza. Mimi nikataka kuandika za ukanda wetu wa pwani: mafundi simu, wanaofundisha kompyuta kwenye vyumba visivyo na feni, vijana wanaotunga programu za wakulima wa mwani, wanaopanda minara ya simu. Nikaandika kwa Kiswahili tunachozungumza kijijini kwetu Baleni.

Rafiki niliyesoma naye chuo alinicheka. "Nani atakusoma, shoga yangu?"

Nikaendelea kuandika. Wasomaji wangu walikuwa wachache, na nusu yao ndugu.

Mwaka mmoja, wakati wa kusi, upepo ulivuma vibaya, na kulipokucha tukakuta kisiwa kizima hakina mtandao. Simu hazipigi, wala ujumbe hauendi. Mawakala wa kutuma pesa wakafunga vidirisha vyao, wachuuzi wa samaki wakakosa namna ya kuwapata wateja wa bara. Siku ya kwanza watu walivumilia. Ya pili yakaanza maneno: kampuni imetuzimia makusudi, mnara umeuzwa, Mafia hatuhesabiwi. Mafundi wawili walioletwa kutoka bara walizomewa walipopita sokoni kununua chapati.

Nikaona hii ndiyo kazi niliyojipa. Nikachukua bodaboda hadi kwenye mnara. Fundi mmoja, kijana mwenye mikono iliyochubuka, alikuwa amekaa chini kando ya uzio.

"Dada, kama umekuja kututukana, wenzako wamekutangulia," alisema.

"Nimekuja kuuliza. Nini kimeharibika?"

Akaokota kijiti akachora mchangani. Mtandao wetu, akaeleza, unavuka bahari kwa dishi. Dishi la huku na dishi la bara lazima yatazamane uso kwa uso. Chumvi ilikuwa imekula kishikio, upepo ukamalizia, na sasa dishi letu linatazama pembeni. Kishikio kipya walikuwa nacho tayari.

"Sasa mbona hampandi?"

"Tunapanda upepo ukipungua. Jana nilifika nusu, nikarudishwa. Mwenzangu ana mtoto mchanga, sitaki apande kwa hasira za watu."

Nilirudi dukani nikaandika yote, na mchoro wake nikauchora upya. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka: blogu bila mtandao itasomwa na nani? Nikacheka peke yangu. Lakini umeme ulikuwepo, printa ilikuwepo. Nikamweleza mwenye duka, mama mmoja wa Mwanza asiyependa karatasi zake zichezewe. Alisoma ukurasa wote akiwa amesimama.

"Chapa kwa herufi kubwa," akasema, akanipa gundi.

Nikabandika kwenye ukuta wa soko la samaki. Watu wakajaa. Dereva bodaboda mmoja akasoma kwa sauti, na kila alipofika kwenye mchoro waliokuwa nyuma wakadai arudie. Hakuna aliyeniuliza maana ya neno lolote. Hilo nililiona palepale, nikahisi kifua kinapanuka.

Mchuuzi mmoja akapaza sauti, "Huyu kalipwa na kampuni!"

"Twende ukawaulize mwenyewe," nikamwambia.

Hakutegemea jibu hilo, ila watu walikuwa wanamtazama, akaja. Wakafuata na wengine. Tulipofika, upepo ulikuwa umelegea kiasi, na yule fundi alikuwa tayari juu kabisa, kafungwa mikanda, mdogo kama kunguru. Mnara ulikuwa unayumba. Tuliuona kwa macho. Mchuuzi alivua kofia akaishika mkononi. Mama mmoja mkulima wa mwani akaanza kumwombea dua kwa sauti ya chini, na wenzake wakaitikia amina.

Tulikaa pale mpaka alasiri. Ghafla simu moja ikalia, kisha nyingine, kisha zote, kila mfuko unapiga kelele. Watu wakashangilia kama timu yetu imefunga bao. Fundi akashuka, akaanza kufungua mikanda. Mchuuzi ndiye aliyemfuata wa kwanza.

"Kaka, tusamehe. Leo chakula chenu kwangu."

Walikula wali wa nazi na samaki, wote wawili, na watoto wa jirani wakiwachungulia mlangoni.

Habari ile niliiweka kwenye blogu jioni, na picha ya ukuta nikaiweka juu kabisa. Ilisomwa Mtwara, Tanga, Unguja. Mafundi nisiowajua wakaniandikia kunieleza minara yao. Tangu hapo sijakosa cha kuandika. Lakini ninalojivunia zaidi lilitokea uwanja wa ndege, nilipowasindikiza mafundi wakiondoka. Yule aliyepanda aliniomba nakala ya ile karatasi ya ukutani.

"Ya nini, na iko mtandaoni?"

"Mama yangu hana simu ya mtandao," akasema. "Miaka yote ananiuliza nafanya kazi gani, namwambia fundi, anadhani natengeneza redio. Hii atasomewa kijijini, ataelewa."

Nilikuwa nayo moja kwenye mkoba. Aliikunja taratibu, akaitia mfuko wa shati, akaenda kupanda ndege.