Anayeambiwa

Wiki jana nilikuwa kwenye duka la kuchapisha hapa Eldoret, nikingoja kijitabu cha mazishi ya mume wangu. Mchapaji aliacha kuandika, akanigeukia.

"Mama, hapa umesema, 'Mahindi tumevuna bila wewe, na chai yako bado naiweka kwenye chupa.' Unaongea na marehemu. Nibadilishe? Watu wa kanisa watasema nini?"

Hata mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo katika maombi.

Kando yangu wasichana wawili wa shule walikuwa wakibishana juu ya shairi walilopewa na mwalimu.

"Nafsinenewa ni mamake mshairi," alisema mmoja.

"Si mamake amekufa? Atasikia aje?"

"Wee, nani amekuuliza kama anasikia? Nafsinenewa ni yule anaambiwa. Basi."

Mwenzake alifuta jibu lake polepole, akaandika upya.

Nikamwambia mchapaji aache maneno yangu yalivyo. Maombi yangu yote nampelekea Mungu, maana yeye ndiye anayejibu. Lakini habari za mahindi nimezoea kumwambia mzee wangu, na hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kujibu sana.