Wagonjwa wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipokubali dawa yake ya malaria ijaribiwe kwa panya, hakuna aliyemweleza kwamba panya wa maabara si wagonjwa kama wagonjwa wengine. Kosa hilo si langu. Mimi nilitumwa tu kubeba gunia la magome na mizizi iliyopondwa kutoka Muhuru Bay hadi maabara yetu ya Homa Bay, na mkwe akitwikwa gunia na mama mkwe haulizi maswali. Hubeba.

Niseme mapema tulivyokuwa tukiishi. Mimi ni Mkuria, yeye ni Mjaluo, na kwetu sote mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Simpi mkono. Simwangalii sana usoni. Kiti changu nyumbani kwake kiko mlangoni, nami hukikalia kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Kilichotuokoa ni Kiswahili, maana kila mmoja wetu hukiongea akiwa ugenini, na mgeni husamehewa mengi.

Dawa yake ilijulikana ufuo mzima. Ni magome ya mti uitwao roko, yakichemshwa pamoja na mizizi ambayo majina yake hajawahi kunitajia mimi wala binti yake. Uchungu wake humfanya mtu mzima amwite marehemu nyanya yake. Wanawake wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, walimpelekea watoto wenye homa miaka nenda miaka rudi, na watoto walipona. Kwa hiyo maabara ilipoomba kuijaribu, alisimama kanisani akatangaza kwamba sasa hata serikali itajua. Tangazo hilo ndilo lililoninyima raha. Dawa ikishindwa, jina lake litaanguka mbele ya watu wote aliowatibu, na mpeleka habari nitakuwa mimi.

"Dawa ya mama ikikataa," mke wangu aliniambia, "wewe tafuta mahali pa kulala."

Magome yalipoanza kuchemshwa, simu nazo zikaanza. Kila asubuhi, kabla sijavaa koti la kazi, alikuwa hewani.

"Ora," alikuwa akisema, ndivyo Wajaluo wanavyomwita mkwe, "wagonjwa wangu wako aje?"

"Wako vizuri, Mama."

"Wamekula kwanza? Hiyo dawa haipewi mtu ako na njaa."

"Wamekula, Mama."

"Wanakojoa?"

Hapo nilijifanya mtandao umepotea. Hakuna mwanamume wa Migori aliyelelewa vizuri anayeweza kuzungumza habari za mkojo na mama mkwe wake, hata mkojo wenyewe ukiwa wa panya.

Simu hazikumtosha. Akaja mwenyewe, katikati ya wiki, amevaa nguo zake za Sabato. Nilimwingiza kwenye chumba cha panya. Aliwasalimu kwa Kijaluo, akangoja kidogo, pengine wangeitikia. Nikamweleza kwamba wote wametiwa vijidudu vya malaria. Wenye alama ya bluu mkiani wanapewa dawa ya hospitali. Wenye nyekundu ni wake. Wasio na alama wanapewa maji.

"Maji tu?"

"Maji tu, Mama."

"Wamekosea nani?"

Nikasema ni kwa ajili ya kulinganisha. Mkubwa wangu, mwanasayansi mwenye subira ya kufugia nyuki, akaja kueleza kwa lugha nzuri zaidi, naye akashindwa.

"Mwalimu," mama mkwe alimwambia, maana kila msomi kwake ni mwalimu, "unanyima mgonjwa dawa na dawa iko hapo kwa meza? Mama yao akikuja utamwambia nini?"

Kisha akafungua mkoba, akatoa chupa ya dawa yake, akaelekea kwenye vizimba vya wale wa maji. Ilibidi nimzuie. Kumgusa siwezi, kumpigia kelele siwezi. Nikasimama mbele ya vizimba nimetandaza mikono kama golikipa, macho yangu darini kwa heshima, naye akijaribu kunipita kushoto na kulia. Mkubwa wangu alitoka nje ili acheke akiwa peke yake. Tulimsikia.

Aliposhindwa kupita, akauliza wagonjwa wamemletea nini. Kwake dawa isiyotolewa kitu haishiki mwilini, iwe yai, iwe kipande cha sabuni, mradi kitoke kwa mgonjwa mwenyewe. Mkono mtupu haulambwi, na hawa walikuwa na minne kila mmoja. Nikachota konzi ya chakula cha panya kutoka kwenye vizimba vya wekundu, nikaifunga kwenye gazeti. Aliipokea kwa mikono miwili, akawashukuru wekundu peke yao, akaenda zake. Nasikia kuku wake waliifurahia sana.

Majibu yakatoka. Wa bluu walipona. Wa maji walikufa. Wekundu walichangamka mwanzoni, hata mimi nikaanza kutembea kifua mbele, kisha vijidudu vikarudi na wao pia wakafa. Mkubwa wangu alisema majibu lazima apelekewe mwenye dawa, na apelekewe na mtu wa familia. Alinifundisha la kusema: "Matokeo hayakufikia matarajio." Nililikariri njia nzima hadi Muhuru Bay.

Nilimkuta mchana huo amejifunika blanketi mbili, anatetemeka, meno yanagongana. Kando yake kikombe cha dawa yake mwenyewe. Alikuwa akiinywa tangu juzi. Binti yake hakuambiwa, mimi sikuambiwa. Niliogopa sana, na wala si habari ya pa kulala. Nilimpenda yule mama na sikuwa nimejua mpaka nilipomwona vile. Maneno ya mkubwa wangu yakanitoka kichwani yote.

"Mama," nikasema, "wagonjwa wako wamekufa."

"Wote?"

"Wote."

"Na wale wa hospitali?"

"Wamepona."

Alikitazama kikombe chake. Kisha akauliza kama dawa yake tuliwapa hata siku ya Sabato. Nikakiri kwamba tuliwapa kila siku.

"Ndiyo maana," akasema, lakini alikiambia kile kikombe, si mimi. Akakisukuma chini ya kitanda kwa mguu. "Ita pikipiki. Ita mbili."

Mbili, kwa sababu hata malaria haiwezi kumpakiza mkwe na mama mkwe kwenye kiti kimoja.

Zahanati ilijaa. Tulipoingia, benchi zima likaangalia chini. Mwanamke mmoja mwenye mtoto begani alijifunika leso hadi machoni. Mwingine akageukia ukutani, akaanza kusoma tangazo la chandarua ambalo nina hakika alilijua kwa moyo. Mama mkwe aliwapitia mmoja mmoja kwa macho, nami nikaelewa pole pole: hawa ni wale wale wanawake wa omena. Hawa ndio watoto wote aliowaponya.

"Nyinyi wote?" akauliza.

Wa leso ndiye aliyejibu, bado amejifunika. "Mama, sisi huanza na hapa. Tukitoka hapa ndiyo tunakuja kwako."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, Mama. Pole."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na zahanati pamoja. Safari yote nilihofia kumwangusha, kumbe watu wake walikuwa wamemshikilia miaka yote bila yeye kujua.

"Sasa kwangu mnakujanga kufanya nini?"

Mwanamke akaiteremsha leso. "Hapa wakinipa tembe tumemalizana. Wewe kesho yake unatembea hadi kwangu, unakaa na mimi mpaka mtoto atoe jasho. Nani mwingine hufanya hivyo?"

Mama mkwe alilia kidogo, na homa ikamsaidia kuficha. Alipoitwa kudungwa kidole alimtanguliza yule mtoto, kisha akameza tembe zake mbele ya wote.

Mimi nililala kwa mchungaji wake, maana mkwe halali nyumba moja na mama mkwe. Asubuhi boma lake lilikuwa limejaa wanawake wale wa zahanati. Walimpigia kelele anywe uji, walimkataza kuinuka, walimrudisha kitandani kila alipotoa mguu nje. Na yeye, aliyewaamrisha maisha yao yote, akanywa.