Profesa Endelea na Kijana wa Kwenye Lori

Muhindi mmoja aliyevaa tai alishuka kwenye lori la unga, katikati ya kambi yenye seng'enge, akasema amekuja kumchukua mwanafunzi wake wa hesabu.

Hapo ni Garissa, mwaka 1967. Vita vya serikali na shifta, waasi Wasomali waliotaka kujiunga na Somalia, vimepamba moto. Risasi zinalia, barabara zina mabomu ya kutegwa, na yeye anatafuta mwanafunzi.

Askari walicheka mpaka wakashika mbavu.

Guleid hakucheka. Mwanafunzi aliyekuwa anatafutwa ni yeye.

Guleid ni abti yangu, kaka wa mama. Leo ni mzee, anaishi hapa mtaa wa Iftin, Garissa. Haya alinisimulia mwenyewe, kwa sauti ile ile ya mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Nami nawapa kama nilivyopewa.

Tuanzie Nairobi, chuo kikuu, kabla mambo hayajaharibika.

Profesa Kelkar alifundisha hesabu, na wanafunzi walimwogopa kama simba. Hakugombeza. Hakupiga kelele. Alikuwa na mtindo mmoja tu uliowatoa watu jasho.

Akiingia darasani anamnyooshea mtu kidole. "Wewe. Thibitisha."

Unasimama. Huruhusiwi kushika chaki wala karatasi. Unathibitisha kwa mdomo, kutoka mwanzo hadi mwisho, kichwani mwako.

Ukikwama, hakusaidii. Anakutazama tu, kisha anasema neno moja.

"Endelea."

Ukilia, endelea. Ukisema hujui, endelea. Kuna jamaa wa mwaka wa pili alizirai, akamwagiwa maji, alipofungua macho akasikia, "Ulikuwa umefika pazuri. Endelea."

Basi wakambatiza Profesa Endelea. Wengine walimchukia kabisa. Walisema huyu si mwalimu, huyu ni mtesaji mwenye digrii.

Guleid alimpenda. Watu wengine wote Nairobi, wakisikia kwao ni wapi, walikuwa na maswali. Unawajua shifta? Wewe uko upande gani? Kelkar alikuwa na swali la hesabu tu.

Kisha Guleid akaenda nyumbani likizo, na huko ndiko alikofungiwa mlango.

Serikali ilikuwa inakusanya watu wote kwenye vijiji vyenye uzio. Hutoki bila pasi. Ng'ombe waliobaki nje walipigwa risasi. Guleid akajikuta ndani na mama yake Timiro na dada yake Rahmo, ambaye ndiye mama yangu. Baba yao na mdogo wake Guleid, Nunow, walikuwa nje na ngamia, kule upande wa Wajir. Hakukuwa na habari zao.

Mtu mmoja akamnong'oneza Guleid, "Walaal, ndugu yangu, usiseme umesoma. Waliosoma ndio wanaoambiwa wanapanga vita."

Akajiandikisha kwa jina la babu yake, Mahat. Akasema Kiswahili na Kiingereza alivipata dukani kwa Mwarabu. Afande wa kambi akamfanya mkalimani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mtu analia kwa Kisomali, wewe unamwambia afande kwa Kiswahili, bila kulia. Baada ya muda Guleid aligundua kwamba maneno yanapita ndani yake kama maji kwenye mfereji. Hayaachi kitu. Alikula, alilala, alitafsiri.

Siku aliyokuja Profesa, kulikuwa na lori la pili pale kambini. Lilikuwa limebeba vijana waliokamatwa karibu na kisima fulani, baada ya gari la jeshi kukanyaga bomu. Walikuwa wamefungwa mikono. Walisimama hapo kungoja mafuta, kisha waendelee na safari.

Vijana waliopita kwenye malori kama hayo hawakuwa wanarudi. Kila mtu kambini alilijua hilo.

Guleid aliinua macho, akamwona Nunow.

Nunow alimwona pia.

Wakati huo huo ndipo Profesa Kelkar alipokuwa anamwambia afande, "Anaitwa Guleid Rage. Hakurudi baada ya likizo. Mitihani imekaribia."

"Hapa hakuna mwanafunzi wa chuo kikuu," afande akasema. "Hapa kuna wafugaji na shifta. Mahat! Unamjua Guleid Rage?"

Guleid akasogea. Akasimama mbele ya mwalimu wake, karibu kabisa, hivi kama mimi na wewe. Kelkar akamtazama. Uso wake haukuonyesha lolote.

"Namjua, afande," Guleid akasema. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye lori. "Ni yule. Yule mwembamba wa pembeni."

Alinieleza kwamba hakufikiri. Hakuhisi ushujaa wala hofu. Mkono uliinuka tu.

"Yule?" Afande akakunja uso. "Yule tumemuuliza jina kwa Kiswahili, ametutolea macho kama mbuzi."

"Aliumia kichwa, afande. Bomu lilipolipuka. Sasa anaongea Kisomali peke yake."

Afande hakuwa mjinga. Alimtazama Guleid, akamtazama Profesa.

"Sawa. Muhindi, muulize hesabu. Ngumu. Mahat atatafsiri. Nikiona mnanichezea, wote wawili mnapanda lori."

Kelkar akarekebisha tai yake. Kisha akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Thibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho."

Guleid akamgeukia mdogo wake. Akasema kwa Kisomali, "Ongea. Sema chochote, usinyamaze."

Nunow akasema, "Guleid, una wazimu? Huyu mzee ni nani?"

Guleid akamgeukia afande. "Anasema, tuanze kwa kudhani zina mwisho. Tuseme kuna namba tasa ya mwisho kabisa, na baada yake hakuna nyingine."

Profesa akatikisa kichwa kukubali.

"Ongea," Guleid akamwambia Nunow.

"Niseme nini? Hatukuwa na bunduki. Tulikuwa tunanywesha ngamia. Walitukuta kisimani."

"Anasema, zichukue namba hizo zote, kuanzia ya kwanza hadi hiyo ya mwisho, uzizidishe pamoja."

"Aabo amekufa."

Guleid akanyamaza.

"Baba amekufa, Guleid," Nunow akarudia. "Palepale kisimani. Nilimfunika kwa shuka langu. Hawakuturuhusu kuchimba."

Kwenye lori wale vijana wengine waliinamisha vichwa. Wote walikuwa wanasikia. Wote walikuwa wanaelewa, kila neno, na mchezo mzima.

Afande akauliza, "Mbona umenyamaza? Amesema nini?"

Guleid aliniambia aliona inzi juu ya kola ya shati la Profesa, akamtazama yule inzi, basi.

"Endelea," Kelkar akasema.

Na Guleid akaendelea.

"Anasema, ukishazizidisha zote, ongeza moja."

Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma bei.

"Hooyo asijue kwamba hakuzikwa," Nunow akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mikono imefungwa. "Mwambie mama tulimzika. Niahidi."

"Anasema, namba hiyo mpya, ukiigawa kwa yoyote kati ya zile za kwanza, inabaki moja. Kwa hivyo ama yenyewe ni tasa, ama inagawanyika kwa tasa nyingine ambayo hatukuwa nayo. Vyovyote iwavyo, ile tuliyoiita ya mwisho haikuwa ya mwisho."

"Mbona analia?" afande akauliza.

"Kichwa kinamuuma, afande."

Profesa Kelkar akafuta miwani yake kwa tai. "Jibu ni sahihi," akasema. "Huyu ni mwanafunzi wangu. Namchukua."

Askari wakamfungua Nunow kamba. Hakutaka kushuka. Alikuwa amemshika mkono jirani yake, kijana wa rika lake aliyeitwa Maalim, aliyechunga naye tangu wakiwa wadogo.

Ni Maalim aliyemsukuma. "Shuka, walaal," alisema. "Shuka kabla hawajabadilisha nia."

Nunow akashuka. Akapandishwa kwenye lori la unga, sasa likiwa tupu, pamoja na Profesa.

Lori la vijana likapata mafuta yake, likaondoka.

Jioni Guleid alimwambia mama yake kwamba baba amefariki na wamemzika vizuri. Timiro akaketi chini, akasema innalillahi, akavuta shuka kichwani. Asubuhi alimfuata afande na Kiswahili chake kidogo. "Bolisi, mimi nataka kuenda kaburi ya bwana yangu. Kesho narudi."

Afande akamtazama Guleid ili atafsiri, ingawa maneno yalieleweka.

"Anaomba ruhusa ya kwenda kaburini," Guleid akasema.

"Mwambie hapana."

Akamwambia hapana.

Mwisho wa mwaka viongozi wa Kenya na Somalia wakakubaliana, na polepole malango yakafunguliwa. Guleid akapata pasi, akaenda Nairobi. Moja kwa moja ofisini kwa Kelkar.

"Profesa, asante. Ulinitambua, na ulijua namwokoa ndugu yangu."

Kelkar akavua miwani yake.

"Sikujua," akasema.

Guleid akavuta kiti, akaketi.

"Ulikuwa umekonda sana, umenyolewa, sauti yako imebadilika. Na mimi macho yangu yalikuwa kwenye bunduki. Niliamini yule wa kwenye lori ni wewe. Nilijua ukweli tulipofika kizuizi cha barabarani pale Mwingi. Askari walimpa kalamu aandike jina. Akaishika kama mtu anayeshika fimbo."

"Ukafanya nini?"

"Nikawaambia ni mwanafunzi wangu, ameumia mkono. Mara ya kwanza nilikosea. Mara ya pili nilidanganya."

"Yuko wapi sasa?"

"Alikaa nyumbani kwangu. Alilala sakafuni, akala kidogo. Njia ilipofunguka, akaondoka bila kuaga."

Guleid akarudi darasani. Siku moja akasimamishwa, akathibitisha jambo gumu kwa mdomo bila kujikwaa hata mara moja. Darasa zima likampigia makofi. Anasema alisikia makofi kana kwamba yanapigwa kwenye nyumba ya jirani.

Likizo ilipofika akaenda kumtafuta mdogo wake. Akamkuta kule kisimani.

Nunow alikuwa amemzika baba. Kaburi lilikuwa limezungushiwa mawe vizuri. Alikuwa anawachotea watu maji ya mifugo yao, na akamchotea Guleid pia, kama angemchotea mpita njia yeyote.

Waliketi mpaka jua likapanda.

"Nilikupa nafasi yangu," Guleid akasema mwishowe.

"Najua."

"Basi mbona uliondoka kwa Profesa?"

Nunow akaweka ndoo chini. "Ulisema mwanafunzi ni mmoja. Kwa nini hukusema ni wawili? Ungemtaja Maalim."

"Afande asingekubali."

"Hukumuuliza."

Guleid alitafuta jibu. Mtu aliyefundishwa kujibu akiwa amesimama, bila karatasi, hakuwa nalo.

Nunow akachukua ndoo yake, akarudi kisimani.

Wameishi hivyo mpaka leo. Wanatembeleana sikukuu, wanaulizana hali za watoto, wanakula sinia moja. Guleid alimaliza masomo, akafundisha hesabu miaka mingi. Nunow alifuga ngamia. Mwanawe wa kwanza alimwita Maalim. Siku hiyo hawajaizungumzia tena.

Funzo ni hili, na mlichukue kama lilivyo: ukimtoa mtu mahali pa kifo, usimngojee akushukuru. Yeye akigeuka nyuma hakuoni wewe. Anawaona waliobaki.