Mtia dawa ya maji aliyehoji mshahara wa mkurugenzi

Jua halijapanda vizuri, na Mama Dawa tayari ameshachota maji ya kupima mara tatu. Anajaza kichupa cha kioo, anatumbukiza kidonge kimoja cha kupimia dawa, anafunga kifuniko na kukitikisa. Kisha anakiinua mbele ya dirisha, jicho moja kalifumba. Maji yanaanza kupata wekundu hafifu, kama maji ya kusuuzia nguo mpya nyekundu.

"Hapo sawa," anajisemea, anaandika kwenye daftari. "Dawa ikizidi, rangi inakolea, na simu zitalia mji mzima kwamba maji yananuka. Ikipungua, hakuna atakayepiga simu. Wataugua tu kimyakimya."

Jina la Mama Dawa alipewa na wenzake kwa sababu ndiye anayetia dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya mji huu. Ana umri wa miaka hamsini na minne, na kazi hii ameifanya kwa miaka ishirini na moja katika shirika la umma la maji. Mumewe ni fundi cherehani. Wana mabinti wawili.

Nje ya geti la mtambo hakuna aliyekuwa akimjua. Hiyo ni mpaka miezi minne iliyopita, aliposhika kipaza sauti mbele ya watu mia tatu.

Mambo yalianza na mvua. Mto ulishuka na tope zito, na shabu, ile dawa inayokusanya tope ili lizame, ikawa lazima iongezwe kila nusu saa. Zamu yake ilipoisha, mtu wa kumpokea hakutokea. Asingetokea, kwa kuwa hakuwepo: nafasi ile ilifungwa tangu mwaka juzi, ikaelezwa kwamba shirika linabana matumizi. Mama Dawa alifanya kazi saa kumi na tisa mfululizo.

"Miguu ilivimba hadi viatu vikakataa kuvulika," anasema. "Nikajiambia, basi, shirika halina kitu. Nikameza."

Siku mbili baadaye, tangazo likabandikwa ubaoni. Wananchi walialikwa kwenye kikao kutoa maoni kuhusu malipo mapya ya mkurugenzi mkuu. Wakati huo, mshahara wa mkurugenzi wa mwezi mmoja ulikuwa sawa na wa Mama Dawa wa miezi thelathini na minane. Bodi ilipendekeza uwe sawa na wa miezi hamsini na miwili.

"Nilisoma nikarudia. Nikadhani ni macho."

Chama cha wafanyakazi kikatafuta msemaji. Kila aliyeombwa alipata dharura. Mmoja aliugua ghafla, mwingine akafiwa, wa tatu simu yake haikupatikana tena. Akabaki yeye.

Msimamizi wake alimvuta pembeni. "Mama, umebakiza miaka sita ustaafu. Usijichongee."

Nyumbani nako moto uliwaka. Mdogo wake, mhasibu wa kampuni binafsi, alikuja jioni hiyohiyo kumzuia.

"Dada, yule bwana kapunguza uvujaji wa mabomba karibu nusu. Kabla yake mlikuwa mnakaa miezi miwili bila mshahara. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi mkimlipa kidogo, benki watamchukua kesho asubuhi. Mtabaki na nani?"

Mumewe, ambaye muda wote alikuwa ameinamia cherehani, akauliza taratibu: "Shemeji, na huyu dada yako akiondoka, maji yatatiwa dawa na nani?"

Hata hivyo Mama Dawa anakiri kwamba maneno ya mdogo wake yalimkaa kichwani. "Hakusema uongo. Hilo ndilo lililonitesa."

Siku ya kikao ukumbi ulifurika, wengine wakirekodi kwa simu. Mkurugenzi aliketi safu ya mbele, mikono kaifumbata. Mshauri aliyekodiwa na bodi alionyesha michoro ukutani, akaeleza kwamba malipo yale yamelinganishwa na ya wakuu wa benki na makampuni ya simu.

Zamu ya Mama Dawa ilipofika, alisoma mstari wa kwanza wa karatasi aliyoandikiwa na chama. Akaikunja.

"Mkurugenzi ni mchapakazi, sikatai," alianza. "Swali langu ni dogo. Mkipanga mshahara wake, mnamlinganisha na wakuu wa benki. Mkipanga wangu, mnanilinganisha na nani?"

Mshauri alipekua makabrasha yake. "Na... hali ya soko la ajira kwa jumla."

"Yaani na mtu asiye na kazi," alisema Mama Dawa. "Yeye mnampimia kwa walio juu yake, mimi mnanipimia kwa walio chini yangu. Tutakutana wapi?"

Ukumbi ulilipuka. Mwenyekiti wa kamati ya mishahara, iliyokuwa na uamuzi wa mwisho, aligonga meza mpaka watu wakatulia, kisha akamgeukia.

"Kwenye zamu mko wangapi?"

"Peke yangu."

"Na ukiugua?"

"Siugui."

Mwenyekiti akaliandika jibu hilo.

Siku nne baadaye alipokea barua ya uhamisho. Alipewa siku saba kuripoti kituo kilicho mwendo wa siku nzima kwa basi, akatunze stoo ya mita za maji. Binti yake mkubwa alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uuguzi. Kazini, wenzake walianza kumkwepa wakati wa chai. Mmoja alimwambia usoni: "Ulitaka umaarufu, umeupata."

Zikiwa zimebaki siku mbili, akaitwa kwa mkurugenzi. Hakukaribishwa kiti.

"Wanangu wameona kile kipande cha video ya kikao kwenye simu zao," mkurugenzi alisema. "Wameniuliza kama mimi ni mwizi."

"Sikukuita mwizi, bosi."

"Najua. Lingekuwa tusi, ningejua la kuwajibu."

Akaomba ile barua, akaisoma mara mbili. Akasema hakuiandika yeye, ila anajua iliandikwa kwa ajili ya kumfurahisha yeye. Akachukua kalamu, akaandika juu yake: Isitishwe.

"Lakini mshahara wangu nitaupigania," alimwambia.

"Na mimi wangu," akajibu Mama Dawa, akatoka.

Wiki sita baadaye kamati ilitoa uamuzi. Mkurugenzi aliongezewa robo tu ya kilichoombwa, na nyongeza hiyo isingeanza kulipwa mpaka nafasi zilizofungwa mitamboni zijazwe. Vijana wawili waliajiriwa haraka ajabu. Asubuhi hii mmoja wao, binti mwenye miwani, anapima shabu kwenye mizani huku Mama Dawa akimwangalia kwa jicho kali.

Mshahara wa Mama Dawa mwenyewe haukusogea hata senti. Kwenye faili lake imebaki barua ya onyo kwa kosa la kuzungumza na umma bila kibali. Ameandika mara mbili kuomba iondolewe. Hajajibiwa.

Uamuzi ule ulikuwa na kifungu kimoja ambacho wengi hawakukitilia maanani: wafanyakazi watachagua mwenzao mmoja aingie kwenye bodi. Uchaguzi ni mwezi ujao. Mama Dawa amechukua fomu. Zinatakiwa sahihi hamsini, naye amepata thelathini na saba. Kila Jumamosi mdogo wake humfundisha kusoma hesabu za shirika.

"Bado anamtetea mkurugenzi," anasema akicheka. "Tunagombana hadi chai inapoa. Lakini ananifundisha."

Akichaguliwa, anasema, hataanza na nyongeza yake. Ombi lake la kwanza litakuwa kwamba kila mjumbe anayepanga mishahara aje akae mtamboni zamu moja.

"Kwa saa nane tu. Asishike chochote, atazame," anasema. "Halafu ndiyo turudi mezani, aniambie kazi hii ni ya bei gani. Aniambie akinitazama."