Shida Isiyo ya Kawaida

"Shida isiyo ya kawaida ni ipi?"

Aliyeuliza alikuwa karani mstaafu ambaye siku hizo aliwaandikia watu barua na maombi ya mahakamani, kwenye kibaraza cha duka la steshenari mjini Nachingwea. Hakuuliza kwa ukali. Karatasi ilikuwa juu ya goti lake na kalamu iko tayari, akisubiri jibu aliandike. Kwenye benchi tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu ambaye ndoa yake ilikuwa na miezi kumi na minne, na mjomba wetu aliyemwozesha.

Swali lilimhusu mdogo wangu, lakini mzee alinitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu mwaka huo, sina kazi, nina shahada na mdomo.

Wiki tatu kabla ya hapo tulikuwa Malolo, nyumbani kwetu, tunapepeta ufuta. Mdogo wangu alikuwa amekuja kutoka kwa mumewe, pembeni mwa Nachingwea, kumsaidia mama mavuno. Kila alipoinua ungo alitumia mkono mmoja zaidi ya mwingine. Mama alikuwa amekwisha kuniambia kwamba alianguka na baiskeli.

"Ulianguka wapi?" nikamuuliza.

"Nani kasema nimeanguka?"

"Mama."

"Mama nimemwambia mimi." Akaendelea kupepeta. Ufuta ulikuwa ukidondoka kwenye turubai kwa sauti kama ya mvua nyepesi. "Dada, wewe na maswali yako. Ulimuuliza kungwi, 'Na mume naye anafundwa wapi?' mpaka ukanyimwa uji. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Tulicheka. Kisha akaniambia bila kubadilisha sauti, kana kwamba anaendelea na habari ileile ya uji.

"Huwa ananiambia nikae chini. Nakaa. Anafunga mlango, anavua saa yake, anaiweka mezani isije ikavunjika. Ndipo anaanza. Hanywi, Dada. Hata sauti hapandishi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili wa ndoa. Usimwambie mjomba. Niapie."

Nikaapa. Nilijua anaogopa nini. Tulipokuwa wari tulifundishwa, yeye na mimi kwa kungwi mmoja, kwamba ya chumbani hayasemwi mbele ya wanaume, na zaidi ya wanaume wote mbele ya mjomba. Mimi nilitoka kwenye mafunzo yale nikiwa na hasira. Yeye alitoka akiwa ameyashika.

Lakini kwa watu wetu huwezi kuigusa ndoa bila mjomba. Baba hukaa pembeni. Kaka wa mama ndiye anayepokea posa, ndiye anayeambiwa kwanza mambo yakiharibika, na ndiye anayemrudisha mke kwa mumewe au kumtoa. Nilikuwa nimelibishia jambo hilo miaka mingi, kwenye insha za chuoni na nyumbani wakati wa chakula. Siku nilipolihitaji, nikalikimbilia kama mtu mwingine yeyote. Nilimfuata mjomba nikamwambia tu kwamba mdogo wangu na mumewe hawapatani, na kwamba anataka talaka. Nikamsisitiza aje nasi Nachingwea. Niliona akiwepo yeye, maneno yetu yatakuwa na uzito.

Sikufikiri kwamba nimemweka kwenye benchi, bega kwa bega na mdogo wangu, mtu yule mmoja ambaye mbele yake hawezi kufungua kinywa.

Mzee karani alitueleza taratibu, kwa ufasaha wa mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi. Kwanza mtapita baraza la usuluhishi. Halafu ndiyo mahakama. Ila ndoa hii haijatimiza miaka miwili, na talaka haiombwi kabla ya miaka miwili, isipokuwa kwanza muombe ruhusa ya mahakama na kueleza shida isiyo ya kawaida anayoipata mwombaji. Ndipo akauliza lile swali.

Mdogo wangu alitazama vidole vyake vya miguu. Mjomba akakohoa.

Mimi nilikuwa na jibu mdomoni: saa juu ya meza. Lakini nilikuwa nimeapa. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sijalikiri kwa mtu mpaka leo. Nilikuwa nimeanza kujiuliza kama jibu langu lingefaa. Nilipita akilini nyumba kwa nyumba mtaani kwetu, shangazi, majirani, wenzangu wa shule ya msingi walioolewa Chinongwe na Nambilanje, nikitafuta nyumba ambayo mkono haukuwahi kuinuliwa ili niseme, kawaida ni hii. Niliipata moja, na sikuwa na hakika nayo.

Kwa hiyo nikafanya nilichokizoea.

"Kawaida ni nini, mzee?" nikauliza. "Nani anaipima? Ya hakimu au ya huyu?"

Mzee akacheka kidogo. "Msomi, mimi nakuuliza, na wewe unaniuliza. Sasa tutaandika nini hapa, maswali matupu?"

"Lakini ni halali kuuliza."

"Halali kabisa. Ila hakimu hataki mjadala, anataka habari. Kafanywa nini huyu binti?"

Mjomba akaona ni wakati wake. Alikuwa mtu mpole, na siku ile alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi kwa heshima ya shughuli. Akamgeukia mdogo wangu.

"Mwanangu, chakula anakupa?"

"Ananipa."

"Analala nyumbani?"

"Analala."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Sijui. Hapana."

"Basi, mzee mwenzangu," mjomba akasema, "andika kwamba shida hiyo hakuna."

"Hakuna haiandikwi," mzee akajibu, akaifunika kalamu yake.

Niliposimama pale kibarazani nilitoa simu, nikaitafuta sheria ya ndoa. Nilipata kifungu cha miaka miwili. Kilikuwa kama alivyosema mzee, karibu neno kwa neno. Nikaifunga simu. Nilikuwa nimebishana na kungwi, na mwalimu wangu wa madrasa, na wahadhiri watatu. Kifungu kile nilikisoma mara moja nikakubali, kwa sababu kilikuwa kimeandikwa.

"Imebaki miezi kumi," nikamwambia mdogo wangu. "Miezi kumi si mingi. Tutaihesabu."

"Wewe utaihesabu," akasema.

Mchana uleule mjomba alimrudisha kwa mumewe, wote wawili kwenye bodaboda moja. Alirudi Malolo siku ya pili akiwa amefurahi. Alichinjiwa kuku, alisema, na shemeji yetu alimnawisha mikono yeye mwenyewe. "Kijana mstaarabu yule. Hawa watoto ni mambo ya kuzoeana tu."

Mama alinitazama.

Msimu wa salfa ukaingia. Mikorosho ilipuliziwa ule unga wa njano asubuhi kabla ya upepo kuamka, mume mbele na mashine mgongoni, mdogo wangu nyuma na mfuko wa kumwongezea. Alinipigia simu mara mbili tatu kwa wiki. Aliongea habari za macho kuwasha, za maua ya mikorosho, za kuku aliyeibwa na kicheche. Nilipomuuliza "Na yale?" alijibu, "Yapo." Nilikuwa nimechora miezi kumi kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu la chuo, na kila mwezi uliokwisha niliukata kwa kalamu. Nilijiona ninafanya jambo.

Mwezi wa tano wa hesabu yangu haukuisha. Asubuhi moja jirani yake alinipigia, mama ambaye sikumjua. "Njoo hospitali," akasema. "Mimi nimemleta tu, mwenye mgonjwa hayupo."

Nilimkuta amelala ubavu, pamba sikioni, damu imekauka shingoni. Kosa lake lilikuwa kuchelewa kuitika alipoitwa. Safari hii hakuambiwa akae chini. Alipigwa akiwa amesimama, kofi moja la kiganja kilichonyooka. Daktari alisema ngoma ya sikio imepasuka. Baadaye likaingia usaha, na usaha ulipokwisha sikio la kushoto lilikuwa halisikii tena chochote.

Mjomba alifika mchana. Akasimama upande wa kitanda, kofia mkononi.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Mdogo wangu hakugeuka. Mjomba alikuwa amesimama upande wa sikio lenye pamba. Akaniangalia mimi.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua, na ukaniletea neno 'hawapatani'?"

Nilikuwa na maelezo. Kiapo, unyago, heshima yake yeye mwenyewe, na swali alilomuuliza kuhusu chakula. Yote yalikuwa ya kweli. Mjomba akaivaa kofia yake, akaenda kukaa nje kwenye ngazi, na alikaa huko mpaka jua likashuka.

Tulirudi kwa mzee karani tukiwa wawili tu. Mdogo wangu alikaa upande wangu wa kushoto ili anisikie. Alisema mwenyewe, kuanzia mwezi wa pili, na alipofika kwenye saa mzee aliinua macho, akayarudisha kwenye karatasi upesi. Akasoma fomu ya polisi aliyoijaza daktari. Akaisoma tena.

"Sasa hii inaandikika," akasema. Kisha nadhani alijisikia alivyosema, kwa sababu alituomba radhi, na akaandika bila kuuliza lolote mpaka mwisho.

Baraza lilishindwa kuwapatanisha. Ruhusa ilitolewa ikiwa imebaki miezi mitatu miaka miwili itimie, na talaka ikafuata. Hakimu alisema shida aliyoipata mwombaji ilikuwa kubwa kupita kawaida. Mdogo wangu aliniomba niyarudie maneno hayo, hakuyapata vizuri. Nikayarudia.

Siku hizi yupo Malolo na mama. Mtu akimwita kwa nyuma anageukia upande usio na mtu, na watoto wa jirani wameanza kulifanya mchezo. Shemeji yetu wa zamani ameoa tena.

Mwaka wa tatu baada ya hapo nilijiunga na mafunzo ya wasaidizi wa kisheria hapa Ruangwa. Siku ya kwanza tuligawiwa nakala ya sheria ya ndoa, na kwa mara ya kwanza niliisoma yote. Kifungu cha miaka miwili kinahusu talaka peke yake. Amri ya kutengana, ambayo humruhusu mke kuishi mbali na mumewe bila kuvunja ndoa, inaweza kuombwa mahakamani hata kama ndoa ina mwezi mmoja, na maneno ya kuiruhusu yako kwenye kifungu kinachotangulia kile nilichokisoma kibarazani.