Wembe na Ua la Chuma

Pale karakana ya mageti walimwita Wembe, na si kwa sababu alikuwa mwembamba. Mwanamke yule alikuwa na mkono mwepesi. Fundi rangi alimwita "mrembo" siku moja tu, akala kofi lililomfanya aone vimulimuli mchana kweupe.

Kazi yake ilikuwa kuchora maua ya mageti kwenye kompyuta, kwa programu ya hesabu. Unaiandikia kanuni, inachora. Mashine nayo inafuata mchoro na kukata bati kwa moto. Ila kwanza lazima uchague namna ya kupima. Ukichagua pembe na umbali, mstari unazunguka kitovu na kufunga ua. Ukichagua x na y, kanuni ileile inatoa wimbi linalokimbia mpaka ukingoni mwa bati. Sheria ya Wembe ilikuwa moja: mtu asiguse chaguo lake. Binamu yake, aliyechora ngazi kwa x na y, aliisahau mara mbili. Mara ya kwanza alitukanwa. Mara ya pili alitolewa jino.

Mashine iliendeshwa na mdogo wake Wembe. Vibano vilishavunjika zamani, basi yeye alilikandamiza bati kwa mkono, pembeni, maana ua hukaa katikati. Wote walijua ni ujinga, na wote waliendelea nao.

Siku hiyo mteja alikuwa mlangoni anafoka. Wembe alirudi kutoka kula, akabonyeza kutuma bila hata kuutazama mchoro. Ua lile alishalichora mpaka limemchosha. Moto ukaanzia katikati, ukapanda, ukashuka, ukatoka mbio hadi kwenye mkono wa mdogo wake.

Ukelele uliotoka hapo ulisikika barabarani. Damu iliruka mpaka ukutani. Wembe alitupia kompyuta jicho: x na y. Hakuuliza mtu. Alinyakua kipande cha bomba, akamkuta binamu amepiga magoti kando ya majeruhi. Akaona ni unafiki mtupu.

"Mshenzi wewe! Nilikwambia nini? Nilikwambia nini?"

Pigo la kwanza lilivunja taya. La pili likapasua nyusi. Binamu aligumia tu, hakuinua mkono, na hilo likazidi kumpandisha Wembe mori. Akampiga tena.

"Dada, acha! Ni mimi!" Mdogo wake alilia, midomo imempauka. "Mimi ndiye niliyebadilisha. Ulipoenda kula nilikuwa najaribu kuchora wimbi, nikasahau kurudisha. Muache, dada, utaniua na mimi!"

Bomba likamponyoka. Ndipo alipoona kwa nini binamu hakujikinga. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeubana mkono wa mdogo wake juu ya kiwiko, inazuia damu, na hata sasa, taya limemning'inia, alikuwa hajauachia.