Alama za Kiti cha Nyuma

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilitoka Schaerbeek kwenda Jette, hapa hapa Brussels, kuomba mke, nikaponea chupuchupu kumkosa kwa sababu ya gari zuri. Nasema gari zuri na sitanii. Hata leo nikiliwaza kwenye tramu natabasamu peke yangu, na abiria wananitazama kwa huruma.

Juzi uliponionyesha picha ya ile sedani ndogo ya kifahari ukasema, "Tonton, nimeshaijaribu, ni dix-neuf sur vingt," yaani kumi na tisa juu ya ishirini, nilicheka mpaka ukanuna. Nisamehe. Mimi pia nilikuwa bingwa wa alama. Sisi wa Bukavu tulilelewa na walimu wakali, kwa hiyo kila kitu tunakipa alama juu ya ishirini: mahubiri, sahani ya fufu, hata suti ya bwana harusi.

Sedani yangu niliinunua kwa daktari wa meno aliyestaafu. Kabla ya kununua niliijaribu mara tatu, na yule mzee wa watu alinivumilia. Usukani ulikuwa mwepesi kusikia: unaugusa kidogo tu, pua ya gari imeshageuka. Gia za mkono ziliingia bila ubishi. Magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma, na ukitoka kwenye kona unasikia nguvu inakujia mgongoni, unataka kona nyingine papo hapo. Usukani niliupa dix-neuf, injini dix-huit, kumi na nane, kona vingt, ishirini kamili. Kiti cha nyuma sikukipa alama yoyote, maana sikuwahi kukikalia.

Sasa, unajua desturi yetu. Kijana hajisemei kwa wakwe. Anakwenda na msemaji wa familia, naye mwenyewe anakaa kimya ameinamisha macho mpaka shughuli iishe. Msemaji wangu alikuwa Tonton wangu mwenyewe, Tonton Déo, mdogo wa marehemu baba yangu. Kwa maneno matamu, hakuna aliyemfikia Brussels nzima. Na kwa kuwa mkubwa habanwi mbele karibu na dereva, nilimfungulia mlango wa nyuma, akaingia na suti yake ya kijivu, nikajiona nimembeba waziri.

Jette si mbali. Lakini nilitaka Tonton aone gari, basi nikazunguka. Nikapita kwenye njia za chini ya ardhi, nikatafuta barabara za mawe, kila kona nikaikata kwa furaha. Mwanzoni alisifu. Baadaye akasema, "Pole pole, mutoto." Kisha akanyamaza, nami nikadhani amenogewa.

Tulipofika, Papa Zacharie, baba yake Espérance, binti niliyemtaka, alikuwa ameketi na ndugu zake. Alikuwa dereva wa basi hapa mjini, mtu wa maneno machache. "Bon, familia ya kijana," akasema, "tunabasikia."

Tonton Déo akasimama. Akafungua kinywa, akakifunga, akaketi. Akasimama tena, akauliza choo kiko wapi, akatoka mbio.

Fikiria, mwanangu! Msemaji hayupo, nami nimekatazwa kusema. Sebule nzima inanitazama. Mmoja wa wajomba akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Hawa batu banatuzarau," na wengine wakaanza kujiweka sawa kama wanaotaka kuinuka. Nikamwona Espérance kwenye mlango wa jikoni, macho yamejaa machozi. Niliogopa kweli. Nilijua wakiinuka, hakuna wa kuwarudisha.

Tonton alirudi uso umempauka. Papa Zacharie akamtazama vizuri, akauliza, "Déo, ulikula nini?"

"Sikukula kitu, Papa. Ni gari."

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko. Papa Zacharie hakucheka. Akaninyoshea mkono. "Leta funguo. Alors weye, kaa nyuma."

Kwanza aliendesha kama nilivyoendesha mimi. Mama yangu! Magoti yaligonga kiti cha mbele, kila jiwe lilinipanda uti wa mgongo, na kila kona ilinijia bila taarifa. Nilishika mlango kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Sasa sikia," akabadilisha mwendo. Barabara ile ile, gari lile lile, lakini sasa aliendesha kama mtu aliyepakata sufuria ya maharagwe ya moto. Nikauachia mlango. Nikaanza hata kuona nyumba za Jette zilivyo nzuri.

Kwenye taa nyekundu akaupapasa usukani, meno yote nje. "Hii gari! Hii gari iko na roho!" Kisha akanitazama kwenye kioo. "Usukani, dix-neuf. Kiti ya nyuma, onze, kumi na moja, magoti haina fasi. Mais dereva, quatre."

Nne juu ya ishirini, mwanangu!

"Muntu mwenye anakaa nyuma haone kona inakuya," akaendelea. "Anakuaminia tu. Binti yangu njo atakaa pale. Donc, dimanche ya wiki inakuya umulete Déo tena. Akishuka na maneno yake yote, tutasikilizana."

Wiki ile nilimpa rafiki funguo, mimi nikakaa nyuma kila jioni, nikajifunza upya gari ambalo nilijidai nalijua. Jumapili Tonton Déo alishuka amenyooka, akazungumza mpaka chakula kikapoa na wakwe wenyewe wakamwomba apumzike. Wakakubali! Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakafungua madirisha. Papa Zacharie akaniomba funguo kwa mara ya pili, safari hii kwa raha yake mwenyewe, akapotea muda mrefu hata tukala bila yeye.

Basi mwanangu, sikuambii uache gari hilo. Kupenda kuendesha ni furaha safi, usiione aibu. Ila kabla ya kutia saini, mpe mwingine funguo, ukae nyuma, mpite kwenye mawe. Mkeo naye akae, mama yako akae, na wakikuambia kiti kinabana, waamini wao kuliko masikio yako yaliyolewa injini. Na nyumbani, kazini, kanisani, popote utakapopewa usukani, wale wa nyuma wakinyamaza usidhani wamenogewa. Geuka uwaulize. Mimi sikugeuka, na kidogo nimkose mama wa wanangu.

Mungu akupe kona nzuri na mikono mitulivu, na kila utakayembeba ashuke akiwa na hamu ya kupanda tena.